Je, Leo ni Afadhali Kuliko Jana?

Swali hili latembea katika mji wa Kolwezi, kutoka Manika hata Dilala, sokoni, kituoni pa mabasi na mlangoni pa kanisa baada ya Misa: Je, mtu aishi vema leo kuliko miaka mitano au sita iliyopita? Maneno yake ni machache, hata mtoto aweza kuyasema. Walakini mtu mzima akiulizwa huinama kidogo, hutazama ni nani aliye karibu, kisha hujibu, "Tunapambana." Au hucheka na kusema kwamba anaishi kwa kifungu cha 15, ile sheria isiyopatikana katika kitabu chochote ambayo kila Mkongomani aijua kwa moyo: kila mtu na ajitafutie mwenyewe.

Majibu hayo yana adabu. Lakini si majibu. Aliyepata huficha alichopata, kwani akisema leo "nimepata", kesho asubuhi jamaa watakuwa wamekaa mlangoni pake, na wengine watanong'ona kwamba mali yake imetoka gizani, kwa mganga. Aliyepoteza huficha alichopoteza, kwani ni aibu kwa baba wa nyumba kusema mbele ya watu kwamba watoto wake wamelala bila kula. Hivyo mtaa mzima wajibu neno moja, mwenye kushiba na mwenye njaa, wala hakuna awezaye kumjua jirani yake. Mtu hapaswi kumwambia kila mpita njia kilichomo mfukoni mwake. Hilo ni kweli. Lakini mbele ya Mungu, mbele ya mwenzi wa ndoa, na mbele ya ndugu wa jumuiya wanaoshiriki naye meza moja ya Bwana, kuficha kwa namna hiyo kwagusa amri ya nane, ile inayokataza uwongo. Tena kwagusa na amri ya saba, kama itakavyoonekana.

Msomaji na aingie katika nyumba moja ya Manika. Nyumba hiyo ni mfano tu, si ya mtu fulani. Lakini apitaye mitaa ile ataziona nyingi za namna yake: vyumba vitatu vya matofali, ua mdogo, mwembe mmoja, bomba lisilotoa maji kila siku. Yupo mzee, ambaye wajukuu humwita kambo, aliyefanya kazi ya Gécamines miaka 27. Yupo binti yake, mjane, auzaye unga na samaki wakavu sokoni. Yupo mwanawe wa kiume, dereva wa lori katika mgodi mmoja mkubwa. Yupo mjukuu wa miaka 22, mtoto wa yule mjane, achimbaye kobalti kwa mikono. Na wapo watoto wadogo watatu.

Wakiulizwa wote jioni moja, wakiwa wamezunguka sahani ya bukari na sombe, watatoa majibu manne, na kila jibu litakuwa kweli.

Mzee asema hapana, tena upesi. Yeye hahesabu miaka mitano, ahesabu arobaini. Akumbuka unga uliogawiwa kila mwezi, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, mshahara uliofika siku yake. Dereva asema ndiyo, lakini asema kwa sauti ndogo. Alipwa kwa dola, ameezeka upya chumba chake, watoto wake wana viatu. Walakini hakuajiriwa na mgodi wenyewe. Ameajiriwa na kampuni nyingine inayouazima mgodi watu, kwa mkataba wa miezi michache. Naye si peke yake: uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 juu ya migodi mikubwa mitano ya Kolwezi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake walikuwa wa namna hiyo. Kwa hiyo "ndiyo" yake ina tarehe ya mwisho.

Kijana asema, "Jana ndiyo, leo hapana." Mwaka 2022 aliwahi kushika dola 100 kwa siku moja. "Kambo," amwambia mzee, "wewe ulikula unga wa kampuni miaka yote hiyo, lakini fedha kama zile hukuzishika siku moja." Mzee ajibu, "Kweli, mjukuu wangu, ulizishika. Ziko wapi?" Kijana anyamaza, akamega bukari.

Mama yake ndiye akawiaye kujibu. Mtoto wake mdogo asoma shule ya msingi, na tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure, yeye halipi tena ile karo iliyomtoa machozi kila mwanzo wa mwaka. Madarasa yamejaa kupita kiasi, daftari na sare bado ni juu yake, lakini mtoto yumo darasani. Hilo ahesabu kuwa faida, wala hataki mtu alidharau. Kwa upande mwingine, kila jioni asikiliza hatua za mwanawe langoni. Mwezi Juni 2019 ukuta wa shimo ulianguka katika mgodi karibu na Kolwezi, wachimbaji zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Novemba 2025 daraja la miti lilianguka kwenye chimbo la Kalando, katika mkoa huu huu wa Lualaba, wakafa si chini ya 32. Mama huyo aulizwapo kama hali yake ni afadhali, hufikiri kwanza juu ya karo, kisha juu ya langoni, na mambo haya mawili hayapimiki kwa mzani mmoja. Mwisho asema, "Kidogo."

Watoto wadogo hawakuulizwa.

Yafaa kuanza na jibu la mzee, kwa kuwa ndilo linalosikika zaidi katika Katanga yote. Maandiko yalijua jibu hilo zamani. Waisraeli walipokuwa jangwani waliona njaa, wakakumbuka masufuria ya nyama katika Misri, na samaki waliokula bila kununua, na matango, na vitunguu. Musa hakuwaambia kwamba masufuria hayo hayakuwapo. Yalikuwapo. Walichokuwa wamesahau ni matofali, na mijeledi ya wasimamizi, na watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni.

Masufuria ya Kolwezi nayo yalikuwapo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikawajengea wafanyakazi wake kambi, ikawapa posho, ikawafundishia watoto, mara nyingi kwa mikono ya wamisionari. Mwanzo wa mwaka 1967 serikali iliitwaa mali yake, ikazaliwa kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Nayo iliendelea kuwa kama baba na mama wa watu. Mwaka 1986 ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba, na wafanyakazi wake walipita 30,000. Mtu na azidishe kwa mke na watoto, ataona ni umati gani uliokula katika chungu hicho. Kisha chungu kikavunjika. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora miji. Viongozi walikuwa wamekamua kampuni kwa miaka mingi bila kununua hata vipuri vya mashine. Kufikia mwaka 2003 Gécamines haikutoa hata tani 20,000 kwa mwaka, na wafanyakazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Ndipo, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya 10,000 kati yao walipewa malipo ya mara moja wakaondoka kazini. Mpango huo uliitwa wa hiari. Wengi waliona kwamba kiasi walichopewa hakikulingana na miaka waliyotumika, na shauri hilo liliendelea miaka mingi. Mzee wa mfano huu alikuwa mmoja wao. Alinunua cherehani mbili na baiskeli. Cherehani moja ingaliko.

Kwa hiyo mzee hadanganyi. Lakini matofali na mijeledi je? Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa kudai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa Makomeno, katika mji ambao leo ni Lubumbashi. Askari wakawapiga risasi, wakafa makumi ya watu. Posho ilikuwapo siku hiyo pia. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, na watu mamia, weusi na weupe, waliuawa kabla na wakati askari wa Ufaransa waliposhuka kwa miavuli. Na katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa papa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Wakalala kwenye stesheni za reli wakingoja magarimoshi, na wengi, hasa watoto, walikufa pale na njiani. Yuko mtu katika Kolwezi ambaye mwaka ule hali yake ilikuwa njema ghafula, kwani aliingia katika nyumba ya jirani aliyefukuzwa, akakuta hata vyungu jikoni. Angaliulizwa mwaka 1994 kama hali yake ni afadhali, angalijibu ndiyo. Siku hizi watu wengi waja tena kutoka Kasai kutafuta maisha katika mji huu, na maneno mabaya juu yao yasikika tena. Mwenye kukumbuka masufuria na akumbuke na hayo.

Mhubiri, yule mwenye hekima wa Agano la Kale, aonya kwamba mtu asipouliza kwa hekima atauliza kwa nini siku za zamani zilikuwa bora kuliko hizi. Hakatazi kukumbuka. Israeli yote iliamriwa kukumbuka. Akataza kumbukumbu inayotwaa unga na kuacha damu.

Sasa jibu la kijana. Nabii Hagai aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba wao wapanda vingi na kuvuna haba, wavaa nguo lakini hawapati joto, na mtu wa mshahara atia mshahara wake katika mfuko uliotoboka. Msomaji wa Kolwezi akiusikia mfano huo haulizi maana yake. Kijana ameshika fedha nyingi kuliko babu yake, wala hana kitu. Je, nani alitoboa mfuko?

Wapo wahubiri wanaojibu upesi: pombe. Kweli, pombe imetoboa mifuko mingi, na wanawake wamengoja nyumbani mpaka usiku wa manane. Lakini mhubiri anayejua tundu hilo moja tu, yaonekana hajabeba gunia la mawe mgongoni kutoka shimo la mita thelathini. Kabla kijana hajafika kwenye chupa amekwisha kukutana na matundu mengine. Yupo aliyemkopesha chakula na kamba wakati shimo lilikuwa bado halijatoa kitu, naye atwaa sehemu yake kwanza. Wapo wenye sare wanaosimama njiani na kutaka "kitu kidogo". Kisha yupo mnunuzi, mwenye mzani wake na chombo kiitwacho Metorex cha kupimia ubora wa mawe. Kijana hana mzani wa pili wala chombo cha pili. Akiambiwa kwamba mawe yake yana asilimia mbili, ni mbili. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo wa siku zake, waliopunguza kipimo na kuzidisha bei kwa mizani ya hila, wakimnunua maskini kwa jozi ya viatu. Na hapo ndipo amri ya saba, isemayo juu ya wizi, ilipo nzima, ingawa hakuna aliyeingia dirishani usiku.

Tundu lililo kubwa kupita yote liko mbali, wala kijana hawezi hata kuliona. Kobalti hutumika katika betri za simu na za magari ya umeme, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima hutoka katika nchi hii. Mwanzoni mwa 2018 tani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 90,000; katikati ya 2019 bei ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwaka 2022 ikapanda ikapita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka karibu na dola 21,000. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilizuia kobalti isitoke nchini ili bei ipande, na tangu 16 Oktoba 2025 ikairuhusu kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hizo hizo kwa 2027. Bei ilipanda kweli. Huenda amri hiyo ni ya busara kwa nchi. Lakini katika ile miezi ya katikati mchimbaji wa mikono alikaa na magunia ambayo wanunuzi waliyataka kwa bei ya huruma au hawakuyataka kabisa.

Hata fedha iliyofika mkononi haikai jinsi ilivyo. Mwaka 2021 dola moja ilipata franka karibu 2,000; katikati ya 2024 ilipata karibu 2,800. Mwalimu na muuguzi walipwao kwa franka wakaona mshahara ule ule ukinunua unga mchache zaidi. Kisha katika 2025 franka ikapata nguvu, na yule mama aliyeweka dola zake chini ya godoro akashangaa kuona zimepungua bila mwizi. Unga wenyewe, sehemu kubwa, watoka Zambia. Na mwaka 2024 ukame ulipoiharibu mahindi ya Zambia hata serikali yake ikatangaza msiba wa taifa, pigo lilifika mezani pa Manika kabla ya gazeti.

Basi mwenye kupima hali yake asipime tu kilichoingia. Apime kilichobaki jioni, na kilichobaki mwisho wa mwaka. Kwa kipimo hicho jibu la kijana, "jana ndiyo," lahitaji kusahihishwa kidogo, naye mwenyewe ajua, ndiyo maana alinyamaza.

Limebaki jambo zito zaidi. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililokuwa karibu na jumba lake, akaahidi kulipa. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akanuna, akalala akigeuka ukutani, hakula. Na malkia Yezebeli akalipata shamba kwa mashahidi wa uwongo na kwa mawe. Ahabu angaliulizwa siku ya pili yake, angalisema kwamba hali yake ni afadhali kuliko jana. Bustani ilikuwa yake.

Katika Kolwezi urithi wa watu umo juu ya madini, na pengine madini yamo chini ya kitanda. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo yaligunduliwa mawe ya kobalti chini ya viwanja vya watu, na katika muda mfupi mashimo yalichimbwa uani, jikoni, hata ndani ya nyumba. Mwenye kiwanja alipata fedha. Jirani yake aliona ukuta wake ukipasuka. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ilimpa mnunuzi mmoja mkubwa haki juu ya sehemu ya mtaa huo, familia zikahamishwa kwa fidia, pakazungushwa ukuta. Mwezi Septemba 2023 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo la IBGDH, lilitoa taarifa juu ya watu wa Kolwezi na kandokando yake waliolazimishwa kuacha makao yao kwa ajili ya kupanuliwa kwa migodi, na wengine walisema kwamba fidia haikutosha kununua nyumba iliyo sawa na ile waliyoiacha. Haya yatendeka ili magari ya miji ya mbali yasitoe moshi. Moshi ni mbaya, na kuupunguza ni jambo jema. Lakini mtu wa Ulaya, Marekani au China asemaye kwamba hewa yake ni safi kuliko miaka mitano iliyopita, na Ahabu asemaye kwamba bustani yake ni nzuri, wote wawili wameulizwa nusu ya swali.

Mwaka ule ule wa 1967 Gécamines ilipozaliwa, tarehe 26 Machi, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa barua yake juu ya maendeleo ya mataifa, iitwayo Populorum Progressio. Alifundisha humo kwamba maendeleo ya kweli si kuongezeka kwa mali peke yake, bali ni lazima yamfikie kila mtu, na yamfikie mtu mzima, mwili na roho. Nchi hii ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024. Yaani zaidi ya mara sita ya zile za Gécamines katika mwaka wake mwema wa 1986. Walakini kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka huo huo wa 2024, Wakongomani karibu watatu kati ya wanne waliishi kwa kisichofika dola 2 na senti 15 kwa siku. Kwa tani, leo ni afadhali kuliko jana. Papa Paulo hakuhesabu tani.

Si kwamba hakuna njia yoyote. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kila mgodi utenge sehemu ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wa mahali, na fedha hizo zisimamiwe na kamati ambamo wakaaji nao wana viti. Tena asilimia 15 ya ushuru wa madini ni haki ya serikali ya mahali mgodi ulipo. Mkristu aliyechaguliwa kuketi katika kamati hiyo ana wajibu mkubwa kuliko msomaji wa Misa, ingawa hakuna anayempigia makofi. Na Mkristu anayeketi humo ili atafune, huyo asijidanganye kwamba amelipa kwa zaka. Wapo pia waliofanya kazi bila kungoja sheria. Masista wa Mchungaji Mwema, kwa zaidi ya miaka 10 katika Kolwezi, wamewatoa watoto machimboni na kuwatia darasani, na wamewasaidia wanawake kupata riziki nyingine, kulima na kushona. Mtoto aliyekuwa akiosha mawe mtoni na leo asoma, huyo akiulizwa kama hali yake ni afadhali, hatazami ni nani aliye karibu.

Je, Mkristu ajibu nini basi? Ajibu kweli. Kama ni ndiyo, aseme ndiyo na kumshukuru Mungu waziwazi, kwani shukrani iliyofichwa ndani ya sanduku pamoja na fedha si shukrani. Kama ni hapana, aseme hapana. Ayubu alisema hapana kwa sura nyingi, akilalamika mbele ya Mungu mwenyewe, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wale rafiki zake waliomtetea Mungu kwa maneno ya uwongo, si yeye. Wapo wanaofikiri kwamba imani ni kusema "Mungu ni mwema" kwa uso wenye tabasamu huku chungu ki kitupu. Hayo Zaburi hazikuyafundisha.

Naye aliyepata na amtazame Zakeo. Huyo alikuwa mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri, na watu wote walijua utajiri wake ulitoka wapi. Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakeo hakusema "tunapambana". Alisimama akahesabu mbele ya watu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kama alimnyang'anya mtu, atarudisha mara nne. Yafaa kuangalia kwamba hakuna aliyemwuliza hesabu hiyo; Injili haisemi kwamba Bwana alimdai hata senti. Tena wokovu ulitangazwa katika nyumba ile siku hiyo hiyo, kabla fedha hazijagawiwa. Kuhesabu waziwazi kulikuwa kumetangulia kutoa.

Tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo za Kikristu kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi hii, na hapo ndipo pafaa kuulizana swali hili, hasa katika majuma ya Kwaresima, kuliko mlangoni pa kanisa. Katekista asilitupe katikati ya mkutano mkubwa ambamo wadai na wadaiwa wameketi pamoja, maana atapata "tunapambana" thelathini na kurudi nyumbani. Aanze nyumba kwa nyumba, baba na mama kwanza, wakiwa na daftari: mwaka ule kiliingia nini, kilibaki nini, mwaka huu je, na je, kati ya kilichoongezeka kimo kitu kilichokuwa cha mtu mwingine? Katika nyumba ile ya Manika ni mama mjane aliyeandika, kwa kuwa azoea hesabu za soko. Safu ya dereva ilikuwa ndefu kuliko zote. Aliitazama muda, kisha akasema dada yake aandike chini yake malipo ya darasa la ufundi kwa ajili ya mpwa wake, miezi sita, tangu Januari. Kijana akauliza kama angeweza kwenda asubuhi na kuchimba mchana. Mzee akasema cherehani ile moja nayo iandikwe.